Nilivyomkagua Daktari wa Meno wa Babu

Jamani, nichekeni tu, nimestahili. Jino lilikuwa limemnyima Babu hata wali, nami, mjuaji wa kidato cha tatu, nikajipa kazi ya kumtafutia daktari wa kweli Kyela mjini. Makanjanja siwataki.

Nikamwacha Babu nje, nikaingia kumhoji daktari, dada mmoja mwenye koti jeupe.

"Una cheti cha kozi fupi au shahada?"

"Shahada ya udaktari wa meno, miaka mitano chuoni. Leseni ile pale ukutani. Mlete mgonjwa, bwana mkaguzi."

Nikamwita Babu. Daktari alipomwona tu, akajifunika uso kwa koti, akachomoka hadi nyuma ya mlango.

"Kanjanja huyo!" nikapayuka, wagonjwa wote wakasimama. "Kaona mzee, kakimbia! Mkamateni!"

Babu naye alikuwa ameshageukia ukuta.

"Gwe, nyamaza! Huyo ni mke wa baba yako mdogo. Harusini hukuwepo, ulikuwa bwenini. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanangu hanitazami usoni, sembuse mdomoni!"

Sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Mzee atahudumiwa na mwenzangu. Huyo mkaguzi mniachie mimi. Meno yake naruhusiwa kuyatazama."