Lengo la Labake Lilikuwa Kupiga Magoti

Labake alipofika kliniki ya mazoezi pale Mokola kwa mara ya kwanza, aliulizwa swali ambalo kila mtu huulizwa: goti likipona unataka likufanyie nini? Wacheza mpira husema kurudi uwanjani. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani na kifundo changu cha mguu kilichovunjika, na nilikuwa nimejibu kwamba nataka kuondoka humu. Labake akasema, "Nataka kupiga magoti."

Anti Sekinat, mama mnene anayetufanyisha mazoezi, akainua kichwa. "Wapi? Kanisani?"

"Kwa wakwe. Desemba."

Anti Sekinat akaandika kwenye kadi: KUPIGA MAGOTI, DESEMBA. Hakucheka, na hapa Ibadan hakuna ambaye angecheka. Siku ya posa bibi harusi anapiga magoti mbele ya watu wa mume, wanamwekea mikono kichwani, wanamwombea. Asipopiga siku hiyo, maneno yake watakuja kuyasikia hadi wajukuu.

Labake ni msusi, ana miaka ishirini na saba. Pia ya goti lake la kulia, kile kifupa cha mbele, ilianza kuhama akiwa na kumi na nne. Anageuka tu kuchukua kitana, pia inateleza, inakwenda kukaa ubavuni mwa goti, naye yuko chini anapiga kelele. Mama yake anaunyoosha mguu taratibu mpaka pia irudi. Imetoka kwenye ngazi, imetoka bafuni, imetoka akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja. Agosti wakampasua. Walichukua kano ya nyuma ya paja, wakatoboa matundu mawili kwenye pia, wakaifungia humo ili isitoke tena.

Watu wanadhani upasuaji ndiyo kazi yenyewe. Upasuaji aliufanyiwa akiwa amelala! Kazi ni taulo. Wanaikunja, wanaiweka chini ya goti, unaambiwa uisukume kwa msuli wa paja, uhesabu mpaka kumi. Basi. Mtoto angeweza. Labake wiki mbili hakuweza. Paja lilikuwa limelala kama la mtu mwingine.

"Sukuma taulo."

"Nasukuma, Anti."

"Unasukuma kwa uso. Meno nimeyaona, paja sijaliona."

Alilia sana wiki zile. Alikuwa analia huku anahesabu, na akikosea hesabu Anti Sekinat anamrudisha moja. Wiki ya tatu paja likatetemeka kidogo. Ya tano akainua mguu mzima kutoka kitandani, akatuangalia sote kama mtu aliyefaulu mtihani. Kila Alhamisi Anti alikuja na kile kipimo chake cha plastiki, anapima goti limekunjika nyuzi ngapi. Hamsini. Sabini. Labake anaandika kiganjani kwa kalamu ili akamwoneshe mchumba wake, Gbolahan.

Sharti lilikuwa moja. Asipige magoti kabla ya wiki ya kumi na sita.

Haya, jaribu wewe kuishi Ibadan bila kupiga magoti. Mwanamke anamsalimia kila mkubwa kwa magoti. Unafundishwa hata maneno hujaanza kuunganisha, na ukifika miaka ishirini na saba hupigi tena wewe, miguu inapiga yenyewe. Mara mbili niliona bibi wa mtu anaingia kliniki na Labake anaanza kushuka. Anti alimdaka kwapani mara zote mbili.

"Goti lako lina adabu kuliko akili," alimwambia. "Shika gongo, inamisha kichwa, sema shikamoo yako, imetosha."

Wiki ya nne mama yake Gbolahan alikwenda kumjulia hali nyumbani. Labake alimsalimia amekaa, kichwa chini, mguu umefungwa vyuma. Yule mama aliitikia, akaonja matonge mawili ya amala, ugali wetu wa viazi vikuu, akaaga. Kesho yake Gbolahan akaja na maneno.

"Mama anauliza, waliopasua wamepasua goti moja. La pili linaumwa nini?"

Labake alitusimulia anacheka, lakini siku hiyo hakumaliza mazoezi. Anti Sekinat akakasirika, akaandika barua ukurasa mzima, akachora na goti lenyewe na matundu yake. Gbolahan akamsomea mama yake. Wiki tatu nzima kimya, na Labake akawa anakuja kliniki na swali lile lile: "Anti, Desemba nitapiga, si ndiyo?"

"Ukinitii, utapiga."

Alhamisi ya wiki ya nane kipimo kikasoma tisini na tano. Labake akaandika kiganjani. Anti akamvua vile vyuma vya mguuni, akamsimamisha katikati ya fito mbili za kushikilia, akamwambia akunje magoti kidogo tu, kama anayetaka kukaa akabadili mawazo. Alikuwa anafanya vizuri. Nasema kwa sababu nilikuwa namtazama.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Gbolahan akaingia na kilemba cha kutokea, mikononi sufuria ya moin-moin, maandazi ya kunde ya mvuke, imefungwa kwa kitambaa.

"Mke wetu," akaanza.

Labake akaachia fito, akashuka. Magoti yote mawili, kwa mkupuo, kwenye saruji.

Mlio ule niliusikia kutoka kitandani kwangu. Mkavu. Halafu ndiyo kelele zake zikaja.

Sufuria ilianguka. Yule mama naye akaanguka chini, akamshika mguu, kilemba kimemtoka. "Nimekuja kumwambia asipige! Nimesomewa barua, nimekuja kumwambia aache! Labake, nani kakwambia upige?"

Na Labake, jasho linamtiririka, pia imekaa upande, anamvuta yule mama kwa mkono. "Mama inuka. Mama tafadhali inuka, watu wanaona." Mkubwa yuko magotini mbele yake. Hilo ndilo lililomuuma.

Mfupa ulipasuka pale pale walipotoboa matundu, na kano ikang'oka. Wakampasua tena, wakafunga pia kwa waya. Safari hii mguu ulinyooshwa wiki sita bila kukunjwa hata kidogo. Vyuma vilipofunguliwa paja lilikuwa limekwisha, limebaki kama mkono wangu. Wakarudi kwenye taulo.

Anti Sekinat sasa anafunga mlango kwa komeo wakati wa mazoezi. Kila mtu anajua kwa nini.

Posa haikuahirishwa. Mama yake Gbolahan ndiye aliyekataa iahirishwe, alisema atamkubali mke wao hata akiletwa juu ya kitanda. Nilikuwepo. Labake alikaa kwenye kiti, kitambaa cha rangi ya divai, mguu umenyooka mbele. Lakini mikono haiwezi kumwombea mtu aliyekaa sawa na wazee; ndivyo walivyosema wajomba, na walibishana muda mrefu mbele yake. Mwishoni mdogo wake Labake, Ibironke, akapiga magoti badala yake. Wazee wakaweka mikono kwenye kichwa cha Ibironke, wakaomba watoto, wakaomba nyumba yenye amani. Mama yake Gbolahan alisimama nyuma ya kiti cha Labake na hakwenda kuweka mkono wake. Ibironke alilia. Labake aliitikia amina kila mara, kwa sauti, macho kwenye zulia.

Alhamisi iliyofuata kipimo kilisoma arobaini na tano. Daktari ameshamwambia huenda kisipite tisini kamwe, na kwamba magoti asahau.

Anti Sekinat akatoa kadi ya zamani, akaiangalia, akachukua mpya. "Tuandike nini?"

Labake alikuwa anafuta kiganja kwenye gauni, japo siku hizi haandiki kitu.

"Ngazi," akasema. "Andika kupanda ngazi."