Neno Lililonikwama Siku ya Nikaha Yangu

Nimekaa goti kwa goti na Ami Salum anayeniozesha, mkono wangu umo ndani ya mkono wake, msikiti umejaa, sheikh ananingoja nitamke maneno mawili tu, nami mdomo umeachama haufungi wala hausemi, na udenda mwekundu wa tambuu unanichuruzika kidevuni mpaka kwenye kanzu nyeupe niliyoishona kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo aibu yangu hiyo. Naisema mimi kwanza, kwa sababu wanaoisimulia huku mtaani Mlandege kila mmoja huongeza chumvi yake.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, nami ni fundi cherehani (shule sikukaa sana, lakini kanzu zangu ziulizeni). Kazi yetu meno ni mkasi wa pili, uzi unaukata kwa meno, pini unazibana kwa meno, kutwa nzima. Basi taya langu la kulia likaanza kulia kila nikifungua kinywa, tak, tak, na maumivu yakipanda sikioni mpaka kichwani, asubuhi naamka kama mtu aliyelala akitafuna mawe.

Zuhura alikuwa akileta vitambaa vya kushona. Baba yake alishafariki, walii wake wa kumwoza ni huyo Ami Salum, ndugu wa baba yake. Siku moja nampima mdogo wake kanzu, taya likalia, akacheka ndani ya buibui.

"Bwana fundi, taya lako linalia kama bawaba ya mlango mkongwe. Hulitii mafuta?"

"Na nani wa kunitilia, Bi Zuhura?"

"Lete posa kwa ami, mimi ntakukanda kwa kitambaa cha moto mpaka linyamaze."

Nikapeleka posa. Ami Salum alikubali kwa shingo upande, maana alishamtazamia mtu wake, mfanyabiashara wa karafuu wa Wete, lakini mama yake Zuhura alisimama kidete.

Wiki ya harusi maumivu yakazidi. Ningekwenda hospitali, lakini kanzu ya harusi ilikuwa haijakwisha shingo, na Kombo mng'oa meno yupo hapo hapo Darajani, hatua chache na kibanda changu. Nikasema ngoja nimwone Kombo. Laiti ningevunjika mguu njiani! Kombo akachungulia, akasema ni jino, akalipinda kwa koleo lake na kichwa changu akakibana kwapani, taya zima nikalisikia linahama. Jino lilitoka zima, jeupe, halina hata tundu. Akalitazama, akalitia mfukoni.

"Kama bado linauma, basi taya lina kutu," akasema. "Tafuna tambuu, na zile kokwa zake za popoo ngumu, usipumzike, litalegea lenyewe."

Nami nikatafuna, jamani! Siku ya nikaha tangu alfajiri natafuna popoo kama mbuzi, mate mekundu, Haji rafiki yangu ananambia, "We, utaoa au utafungua duka la tambuu?" Nikaitema mlangoni pa msikiti, nikasukutua juu juu, nikaingia.

Khutba ikawa ndefu. Nami usiku sikupata usingizi kwa maumivu (na kwa furaha, nisiseme uongo). Ikanijia miayo. Nikaizuia, ikarudi, nikaiachia, nikasikia tak kubwa kuliko zote, na mdomo ukabaki wazi.

Sheikh akauliza mara ya kwanza, mara ya pili. Nikaitikia kwa kichwa, nikajipiga kifua, nikatoa sauti kama ya ng'ombe.

"Kichwa hakitoshi kwa mtu mwenye ulimi," sheikh akasema kwa upole. "Mpelekeni hospitali, akirudi tutamalizia."

Haji akanipakia baiskeli, kilemba kimenifunika uso, upepo ukakivua tulipofika sokoni, wauza samaki wakapiga kelele: "Bwana harusi, funga mlango, nzi wanaingia!"

Daktari hakucheka. Alijifunga vitambaa kwenye vidole gumba, akavitia juu ya magego yangu ya nyuma, akakandamiza chini kisha nyuma, likarudi. Akanambia si jino tangu mwanzo, ni kiungo kile mbele ya sikio, kimechoka kwa kukata nyuzi na kusaga meno usingizini, na popoo zimekimaliza. Nile vyakula laini, nisikate uzi kwa meno, nikipiga miayo nishike kidevu kwa mkono. "Na likiuma," akasema, "tafuta mtu akukande kwa kitambaa cha moto."

Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, nikamhimiza Haji akanyage baiskeli.

Msikiti ulikuwa mtupu, hata sheikh kashaondoka. Ami Salum kasimama kwenye ngazi, anavaa makubadhi.

"Ami, nshapona, nasema sasa, nimekubali kumuoa!"

"Ulipoulizwa ulikuwa na kinywa kikubwa kuliko cha mtu yeyote humu," akanijibu. "Hukusema. Jambo lina nuhsi na mkosi, limekwisha."

Zuhura akaozwa yule wa Wete haraka haraka, akavushwa Pemba kabla habari ya kweli haijamfika. Baadaye mama yake akanambia kile kinachoniuma kuliko taya: Ami Salum alipofika nyumbani hakusema nimeteguka taya. Alisema niliulizwa mara mbili mbele ya watu, nikanyamaza. Mwanamke yule kaondoka Unguja akiamini nilimkataa.

Sasa kichwa kina mvi. Uzi naukata kwa mkasi, muhogo naula wa kuchemsha mpaka urojeke, miayo naishikia kidevu. Kitambaa cha moto najikanda mwenyewe kila magharibi, na kila nikikibandika shavuni nasema yale maneno mawili, na hayanikwami hata kidogo.

Kombo nilishamwambia yake usoni. Wewe Ami Salum bado uko hai, kila alasiri uko barazani na kahawa yako, na kila nikipita unageuza shingo. Leo usigeuze. Sitaki radhi yako. Panda meli uende Wete, ukabishe hodi kwa Zuhura, umwambie kwa kinywa chako hicho kizima kwamba sikunyamaza. Utakwenda au hutakwenda? Nijibu!