Taa za Mjomba na Udongo wa Jumamosi

Pa. Kimya kidogo. Pa. Mkanda wa mashine ya posho ya mjomba ulikuwa na kiraka cha ngozi, na kila kiraka kilipozunguka kikafika kwenye gurudumu, kilipiga kofi moja. Mpaka leo nikisikia mtu anakung'uta mkeka nyuma ya nyumba, nageuka kutafuta mahindi.

Mashine hiyo ilikuwa Suna. Mimi nilitoka Homa Bay, kwa mama muuza samaki, nikapelekwa kwa mjomba nilipomaliza darasa la saba, maana mbele ya hapo shule yangu haikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kupokea madebe ya mahindi na kuyamwaga juu ya mashine. Kufika saa nne nywele zilikuwa nyeupe kama za bibi yangu, na nilifurahi tu, kwa sababu nilijua huo mkanda ulikuwa na kazi nyingine. Ulizungusha dainamo ya lori bovu, na dainamo ilijaza betri mbili kubwa zilizokaa kwenye sanduku barazani. Hizo betri ndizo zilizowasha taa za nje.

Mjomba aliwahi kuchimba dhahabu Masara, na huko alijifunza mambo ya waya kwa kuangalia wengine. Aliporudi hakuwa na dhahabu ya kumwonyesha mtu. Alikuwa na wazo. Alijenga vinguzo sita vya udongo, vifupi, vya kufika gotini, vitatu kila upande wa njia kutoka langoni mpaka barazani. Juu ya kila kimoja aliweka globu ya lori ndani ya chupa ya jemu. Waya alizifukia kidogo tu, akaziunga kwenye mguu wa kila kinguzo na kuzifunga kitambaa. Jioni alibonyeza swichi, na njia nzima ikafunguka mbele yako kama mtu aliyesema karibu.

Mimi nilizipenda kuliko yeye. Nilikaa barazani nikipanga nyumba yangu ya kesho: taa mpaka kwenye zizi la kuku, taa mpaka chooni. Binti wa mjomba, ambaye tulilingana umri, aliniuliza, "Na kuku watalala saa ngapi, dada?" Nikamwambia kuku wangu watakuwa wanasoma.

Huyu binti wa mjomba nilimwonea wivu, na wivu wangu ulianzia kwenye vidole vyake. Kila Jumamosi wanawake wa boma letu walisiliba: udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe na maji, vinakandwa mpaka vinakuwa laini kama uji, halafu unapaka ukuta, baraza, kila kitu kilichojengwa kwa udongo. Sisi wengine tulipaka. Yeye alichora. Aliburuta vidole vinne kwenye udongo mbichi, ukuta ukajaa mawimbi yaliyofuatana bila kugongana. Majirani walisimama njiani na mizigo yao kichwani kuangalia.

"Hii mikono ni ya kuweka nyumba," alisema jirani mmoja, mama mnene wa ng'ambo ya barabara. Kisha akanigeukia. "Na wewe nyar Homa Bay, mikono yako ni ya kupara samaki."

Nyar maana yake binti wa mahali fulani, na huko Suna mimi nilikuwa binti wa Homa Bay, hata kwa watu waliojua jina langu. Nilicheka pamoja nao. Usiku nilinusa mikono yangu. Ilinukia unga.

Basi taa zikaanza kuugua. Jioni moja ya Jumamosi zilififia, zikawa nyekundu kama macho ya mtu aliyekaa kwenye moshi, na ile ya karibu na lango ikawa inapepesa upepo ukipita. Mjomba alisema ni globu. Akabadilisha globu, na kufika Jumatano zikawaka vizuri. Jumamosi zikafifia tena. Akasema ni maji ya betri. Akaongeza maji, Jumatano zikawaka. Jumamosi zikafifia. Akakwangua vichwa vya betri, akavipaka mafuta, na Jumatano ilipofika alituita wote barazani tushuhudie.

"Mnaona? Nilisema ni vichwa vya betri."

Mke wake alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. "Jumatano inakusikia, baba. Jumamosi ndiyo haikusikii."

Tulicheka, na mjomba mwenyewe akacheka, ila hakuna aliyeyachukua maneno hayo akayafikiria. Hata mimi.

Kisha zikaja habari za wakwe. Kijana mmoja alimwona binti wa mjomba sokoni, akauliza yeye ni wa nani, na sasa watu wake walikuwa wanakuja kujitambulisha. Walikuwa watu wa Homa Bay. Wa kwetu. Huyo kijana alipima mizigo gatini, meli zikifika, na kila siku alipita mbele ya meza ya mama yangu ya samaki. Nilikaa miaka mingi pale mezani. Hakuwahi kuniuliza mimi ni wa nani, aliuliza tu kama samaki ni wa leo.

Sikuwa nimempenda, nisije nikadanganya. Lakini niliumia kwamba watu watoke ziwani kwangu, wapande basi, wapite juu ya kichwa changu, waje kuchukua mikono ya mwenzangu. Na waje jioni, ili wapokelewe kwa zile taa. Taa nilizokuwa nimezipangia kuku wangu.

Siku iliyotajwa ilikuwa Jumamosi.

"Zikinifanyia vile mbele ya wakwe," mjomba alisema asubuhi hiyo akiapa, "kesho naving'oa vinguzo vyote. Nawasha karabai kama watu wengine, basi." Akavaa koti, akaenda kituoni kuwasubiri wageni, basi lisije likawashusha kabla hajafika.

Wanawake walisiliba mapema kuliko siku zote. Binti wa mjomba alichora mpaka kwenye vinguzo, kila kimoja na mawimbi yake kuanzia juu mpaka chini kabisa ardhini. Walipomaliza, yeye alipelekwa ndani kuoga na kukaa, maana binti anayeposwa haonekanionekani uani, na wenzetu wote wakahamia jikoni nyuma ya nyumba kwenye kuku na moshi. Mimi nikapewa kitambaa nifute chupa za jemu.

Nilibonyeza swichi nione nafuta nini. Zikawaka nyekundu, zile zile za Jumamosi. Ya langoni ikapepesa mara kadhaa, ikajifia.

Nikapiga magoti. Sikuwa natafuta chochote, nilikuwa nazuia tu kanga isiguse udongo mbichi. Ndipo nikaona jinsi wimbi la mwisho lilivyopita vizuri, bila haraka, juu ya mahali waya zilipoungwa. Nikatia kidole. Kitambaa cha mjomba kilikuwa kimelowa chapachapa, kimekunywa udongo na mavi ya ng'ombe wiki baada ya wiki, na waya ya ndani ilikuwa imeota kitu cha kijani, kama ukoga. Kiungo kikipata maji, taa inafifia. Kikikauka, kufika Jumatano, inapona. Mke wa mjomba alikuwa ameshasema.

Nilicheka peke yangu pale chini. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu wivu uliniwahi. Ningeita jikoni tu. Wangekuja wote na mikono yenye manyoya ya kuku, wangeona ni vidole vya nani vilivyokuwa vinaua taa kila Jumamosi, na mama mnene wa ng'ambo angetembea na hiyo habari mpaka Kegonga. Au nisiseme kabisa. Nifute chupa zangu, kazi niliyopewa, na wakwe wafike gizani.

Nikasikia sauti dirishani. "Dada."

Alikuwa amejifunga shuka, nywele zina maji. "Zinawaka?"

"Zinaoga kwanza. Kama wewe."

Hakucheka. "Baba aking'oa vinguzo, watu wale watasema wao wakija tu, kesho yake kwetu vitu vinang'olewa. Watasema ni mimi nina mkosi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na wewe utakaa wapi jioni na kuku wako?"

Laiti angesema kitu kibaya. Ingenirahisishia.

"Rudi ndani," nikamwambia, "utaonekana."

Nilichukua kisu cha jikoni na mpira wa ndani wa baiskeli, ule tuliokuwa tunakata vipande vya kufungia mkanda wa mashine. Nikazima swichi. Kwenye kila kinguzo nilichimbua udongo, nikafungua kitambaa kilichooza, nikakwangua waya mpaka ikawa nyekundu safi, nikazisokota pamoja tena na kuzifunga mpira, nikivuta kwa meno. Kisha nikaziegemeza juu ya kijiwe, na juu yake nikafunika kipande cha bati, ili mkono wa mtu wa kusiliba upite hapo bila kugusa kitu. Midomo yangu ilikuwa na ladha ya mpira na zizi.

Mawimbi yake yalikuwa yamebomoka chini. Nikachota udongo kwenye karai, nikayarudishia kwa vidole vyangu. Hayakutoka mawimbi. Yalitoka mifupa ya samaki, mmoja baada ya mwingine. Nikaiacha hivyo.

Jioni ile mjomba aliwaambia wakwe kwamba siri ya taa ni maji ya betri, na mimi niliongeza chai. Mwaka haukuisha, binti wa mjomba akawa ameolewa Homa Bay, anaona ziwa langu kila asubuhi, na mimi Suna nikibeba madebe. Wivu haukuniisha eti kwa sababu nilikwangua waya. Ila Jumamosi taa hazikufifia tena, na hakuna aliyeng'oa vinguzo.

Ninachokumbuka zaidi ni kabla ya wageni. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mashine, jikoni walikuwa wanabishana kuhusu chumvi. Nikanawa mikono, nikabonyeza swichi. Zote sita zikawaka, nyeupe, hata ya langoni. Nikashuka nikatoka mpaka nje ya lango, nikalifunga, nikasimama barabarani kidogo kama mtu aliyetoka mbali. Halafu nikalifungua na kuingia taratibu, nikiangalia kulia na kushoto kama mgeni anayeonyeshwa nyumba, mpaka barazani. Hakukuwa na mtu. Nikazima.