Jezi ya Nazzareno

Zelinda alimwambia mumewe asikubali. Alikuwa akimenya vitunguu, hata hakugeuka.

"Ulipocheza, Torrevara walikupenda kwa miguu yako. Ukiwa kocha wao watakuhukumu kwa miguu ya wengine."

Nazzareno alicheka. Alikuwa beki wa kushoto wa timu ya mji huo tangu ujana hadi goti lilipokataa, na ndiye aliyekuwa nahodha mwaka ilipopanda daraja. Baadaye akawa kocha wa kutangatanga: kila msimu mji mwingine, kila majira ya baridi anatimuliwa, anarudi na sanduku lake. Hakulalamika. Huko kote alijua upo mji mmoja ambao mashabiki wake hutundika jukwaani kitambaa chenye uso wake. Jezi ya mwaka ule, namba tatu, aliitundika chumbani chini ya picha ya Bikira Maria.

"Nikifa nivishe hiyo," alizoea kusema. "Mtakatifu Petro asihangaike kuniuliza nilicheza wapi."

Alisema kwa utani, lakini Zelinda alijua si utani.

Sasa mwenyekiti wa klabu, Altobrandi, alikuwa amemwita arudi nyumbani kuifundisha timu. Nazzareno akakubali, na Oktoba akafukuzwa kwa simu, mchuzi ukipoa mezani. Katika nchi yao kocha aliyefukuzwa hana pa kwenda. Sheria haimruhusu kufundisha timu nyingine msimu huohuo, na mkataba wake haufi. Anawekwa kama koti la akiba, mrithi wake akishindwa aitwe tena. Nazzareno akabaki anakunywa kahawa katika baa ileile, na watu walewale waliomzomea.

"Vipi kocha, goti linaendeleaje?"

"Linachechemea."

"Hata timu inachechemea. Uliiambukiza."

Aprili, timu ikiwa inaburuta mkia, Altobrandi akapiga simu tena.

"Hakuiti uiokoe," Zelinda akasema. "Anatafuta uso wa kutemewa mate, maana wake hataki kuutoa."

"Wale wa jukwaani ni watu wangu, Zelinda. Kiongozi wao ni Loris. Nilimshika kwa mikono yangu alipobatizwa."

Akarudi, na timu ikashuka daraja. Kipenga kilipolia, jukwaa likawaita wachezaji waje chini yake, kama ilivyo desturi timu inapoaibisha mji. Nazzareno angeweza kupitia mlango wa vyumba vya kuvalia. Alikwenda nao. Loris alikuwa amepanda juu ya uzio na kipaza sauti.

"Vueni. Hamstahili kuzivaa."

Vijana wakavua, wengine wakilia, wakazirusha jezi juu ya uzio.

"Na wewe, baba."

"Mimi nimevaa koti tu, mwanangu."

"Yako iko chumbani. Kesho tutaifuata."

Jukwaa zima likapiga makofi.

Walikuja watatu, mchana. Walifuta viatu mlangoni kama watu waliolelewa vizuri. Zelinda akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Loris, umekula kwenye meza hii."

"Nimekula, mama. Ndiyo maana inaniuma kuliko wengine."

Nazzareno akampita mkewe bila kumwangalia. Akaishusha jezi, akaikunja mikono kwa ndani, taratibu, kama inayokwenda kuuzwa dukani.

"Ni yao," alisema. "Waache."

Ukutani ukabaki msumari. Baa hakwenda tena. Agosti, kabla ligi haijaanza, Zelinda alimkuta sakafuni mbele ya kioo, povu la kunyolea likiwa bado upande mmoja wa uso.

Siku hiyohiyo akaenda kwenye karakana ya matairi ya Loris.

"Nipe ile jezi nimvishe. Baada ya hapo sitaomba kitu Torrevara."

Loris alijifuta mikono muda mrefu.

"Haipo, mama. Tuliikata. Kila mtu alichukua kipande."

"Mliikata kwa nini?"

"Tulikuwa na hasira."

"Na sasa?"

"Sasa amekufa," akajibu, na macho yakamjaa machozi.

Zelinda akamvisha mumewe suti ya kijivu.

Kanisa lilijaa hadi barazani. Altobrandi aliketi mbele na miwani myeusi. Kisha watu wa jukwaani wakaingia wakilibeba jeneza, maana waliomba heshima hiyo na padri aliwapa, wakilia kama yatima. Kila mmoja alikuwa amebandika kifuani, kwa pini, kipande cha kitambaa chekundu. Kifuani mwa Loris kilionekana kipinde cha juu cha namba tatu.

Padri alisema ni nadra kumwona mtu aliyependwa hivi na mji wake. Akawaalika wote wasali sala aliyotufundisha Bwana. Zelinda aliisali kwa sauti, kama alivyoisali kila siku ya maisha yake, akaomba mkate, akaomba asamehewe makosa yake. Alipofika penye kuwasamehe waliomkosea, kinywa kikakataa.

Nyuma yake Loris aliendelea, kwa sauti ileile iliyozoea kuongoza jukwaa, akaimalizia sala kwa niaba ya wote.