Kikuba Juu ya Barafu

Mwezi uliopita nilikwenda Johannesburg kununua mitambo ya chumba cha baridi. Nilikwenda kwa ndege, kwa fedha zangu mwenyewe, nikalala hoteli ya Sandton, kwa matajiri, na muuzaji alipoanza kunieleza kompresa ni nini nikamwambia apumzike. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu, na hapa Tanga nusu ya viyoyozi vya maofisini vinanijua kwa sauti. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo, maana hakuna aliyenishika mkono.

Kazi ilipokwisha nikachukua teksi mpaka kwenye jengo la maduka ambalo chini yake palikuwa na uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Nikakuta wanauza magodoro. Nikasimama katikati ya vitanda, pale hasa nilipokuwa nikitua baada ya kuruka, na mhudumu akaja kuniuliza natafuta saizi gani.

Mimi nilizaliwa huko huko Johannesburg, mtaa wa Hillbrow, ndugu yangu, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilikufa kabla sijajua kusema lifti. Mama alifariki nikiwa mchanga, Bibi akaja kutoka Tanga kunilea. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kupandisha ndoo ya maji kwa ngazi, na nikifika juu nanusa kwanza harufu ya iliki na vitumbua kabla sijaona mlango. Miguu yangu ilianzia pale. Watoto wa Sandton walilipiwa walimu wa mazoezi. Mimi nilikuwa na ngazi.

Baba alikuwa mlinzi wa yale maduka. Mwaka 2015 nilikuwa darasa la nne, na baada ya shule nilimsubiri kando ya uzio wa barafu mpaka zamu yake iishe. Nilipenda ule mlio wa vyuma vinavyokata barafu, kama mkasi kwenye kitambaa kizito. Nikawa nawaiga wachezaji, navua viatu, nateleza na soksi kwenye vigae. Kocha mmoja, mama mtu mzima asiyevua koti wala kucheka, akaniona, akanivalisha viatu vya kukodisha. Akanifundisha bure, nami nikawa nafuta vyuma vya viatu vya wateja visipate kutu. Ndani ya miaka miwili nilikuwa naruka na kuzunguka mara mbili hewani. Wengine walianza wakiwa na miaka minne na bado walikuwa wakiikumbatia barafu.

Jirani yetu, msusi kutoka Lubumbashi, hakupendezwa.

“Bibi, huyu mutoto atavunjika miguu yote,” alimwambia Bibi kwenye ngazi. “Halafu nani atamuoa?”

“Atamuoa mwenye gari,” Bibi akajibu. “Maana kutembea hatatembea.”

Walicheka mpaka ghorofa ya chini wakachungulia. Bibi mwenyewe alikubali lile gauni fupi la kutelezea kwa sharti moja tu, soksi nzito mpaka kiunoni.

Septemba 2017 yakaja mashindano ya mji. Mshindi mmoja tu wa rika letu angekwenda Cape Town kushindana kitaifa, na mimi nilikuwa nikiitaka nafasi ile kwa namna ambayo mpaka leo sijataka kitu kingine. Baba alikuwa amewaambia walinzi wote. Bibi alikuwa ameiambia Hillbrow nzima.

Sasa, kwetu mwanamke haendi kwenye shughuli bila kunukia. Huko Septemba ndiyo asumini inachanua, inamwagikia barabarani kutoka kwenye kuta za nyumba za wenye nacho. Bibi akapita na mkoba wake akichuma. Rihani alikuwa nayo kwenye kopo la rangi pale barazani. Alfajiri akatunga vikuba viwili kwa uzi mwembamba, kimoja chake, kimoja changu, akanibania changu kifuani kwa pini.

“Leo watakunusa kabla hawajakuona,” akasema.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikuwepo mama mmoja wa Sandton na bintiye, mpinzani wangu mkubwa. Yule mama alikuwa akivuta shanga za gauni la mwanawe, moja moja, kwa kidole na kidole gumba. Mimi nikadhani anazihesabia uzuri. Akaja kwetu, akainama akanusa kikuba changu, akakipiga picha.

“Kizuri sana,” akamwambia Bibi kwa Kiingereza. Bibi akanyenyekea kwa furaha.

“Mama, lakini hayo maua…” binti yake akaanza.

“Tulia, nakubana nywele.”

Kocha wangu alikuwa ameitwa kwenye meza ya muziki, hajakiona kile kikuba. Koti nilivua mlangoni, jina langu likiwa limekwisha tajwa.

Niliteleza siku ile kama sijawahi kuteleza. Nilipotua kwenye ule mruko mkubwa nikasikia uzi unakatika, na asumini ikamwagika nyuma yangu juu ya barafu, nyeupe juu ya nyeupe. Sikuanguka. Nikamaliza. Bibi akapiga vigelegele peke yake katika ukumbi mzima.

Nikawa wa pili, kwa chini ya pointi moja.

“Kitu chochote kikidondoka kutoka kwenye vazi lako, unakatwa pointi moja,” Kocha akaniambia, akiniangalia kifuani.

“Yule mama alijua. Ndiyo maana alikuwa akizivuta zile shanga, kuona kama zimeshika.”

“Alijua. Hakuwa na wajibu wa kukwambia.”

Nilipogeuka, Bibi alikuwa amekwisha vuka kwenda kwa yule binti. Hakujua Kiingereza wala pointi. Alijua kwamba aliyecheza vizuri hutuzwa. Akatoa kikuba chake kifuani, akambania mshindi. “Hongera mwanangu, umetuzidi leo.”

Baba alikuwa zamu kwenye mlango wa kioo, amevaa sare. Yule mama alipofika pale alikibandua kile kikuba kifuani kwa bintiye kwa ncha za vidole, akampa Baba. “Nisaidie kukitupa hiki.”

“Sawa, madam,” Baba akasema, akamfungulia mlango. Kisha akakitia mfukoni mwa shati lake.

Bibi hatukumwambia. Aliendelea kunitungia kikuba kila mashindano, nami nikawa nakivua chooni na kukificha ndani ya kiatu kabla ya kuingia. Mwaka 2018 nilishinda, nikaenda Cape Town, nikarudi na medali. Nilishinda nikiwa sinukii chochote. Bibi akamwambia msusi kwamba ni maua yale. Mwaka 2019 Baba akaachishwa kazi, tukahamia huku Tanga, na Bibi amekwisha fariki.

Watu huniuliza kama naikosa barafu. Barafu naitengeneza mwenyewe, naiuza kwa kilo. Yule mama simsamehe, na sioni haya kusema hivyo. Ninayemkosa ni mtu mmoja pale benchini aliyedhani mashindano ni shughuli, na kwamba wote waliokuja wamekuja kumfurahia mtoto wa mwenzao.