Siku Chatu Aliponivua Bugaluu

Jamani, hii habari nikiisimulia masikio yananiwaka moto mpaka leo, lakini kwa kuwa wenzangu wa kijijini wanaisimulia vibaya zaidi, bora niiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, niko chuoni mwaka wa pili nasoma historia ya sanaa (somo ambalo baba hakuwahi kulielewa, ila alilitamka kwa sauti kubwa), nikapata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Bulgaria. Walimu wa huko walitaka kila mgeni aende na michoro ya sanaa ya kwao, aliyoichora kwa mkono wake, na bila michoro hakuna safari. Kijijini kwetu, upande wa Bugarama, sanaa ilikuwa kwa Mzee Nkwabi, mkuu wa Bayeye, wale wanaocheza ngoma na nyoka, maana kuta zake za ndani zilijaa picha za nyoka, jua na watu. Mimi kwa uvivu wangu nikaahirisha mpaka siku yenyewe ya sherehe ya kuniaga, nikaenda nimeshavaa kabisa: shati la kola ndefu, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali, na bugaluu, ile suruali pana chini ya kufagia njia, niliyoiazima kwa mwenzangu wa bwenini.

Nikampa shikamoo, akaitikia. "Chora utakavyo," akaniambia, "ila lile kapu pale chini ukutani usiliguse." Akatoka kwenda kuvuta kiko chake nje.

Sasa kapu lenyewe lilikuwa limeziba picha nzuri kuliko zote. Nikasema moyoni, nikilisogeza kidogo tu nani atajua. Nikalisukuma kwa mguu, nikaendelea kuchora kwa raha zangu, mpaka nikasikia kitu cha baridi kinapanda mguuni, ndani ya bugaluu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na hana haraka. Chatu mdogo. (Mdogo kwa maneno ya Mzee Nkwabi, kwa mguu wangu alitosha.)

Sikumbuki kufungua mkanda. Nakumbuka niko nje, sina suruali, natimua mbio na raizoni zangu kuelekea nyumbani, nia yangu nipite nyuma ya jiko niingie ndani kimya kimya, nikasahau kwamba wageni wote wameketi huko huko nyuma ya jiko kwenye kivuli, na baba amesimama katikati yao anasema, "Mwanangu Masanja anakwenda Ulaya kusomea sanaa," ndipo nikatokea, shati, chupi na raizoni, mikono juu.

Wapiga ngoma wakadhani ndiyo burudani, wakaanza kupiga. Nami (akili ya msomi hiyo) nikaona kuliko kueleza, afadhali nicheze. Nikacheza. Watu wakashangilia, mama akajifunika uso kwa kanga, na Mzee Lutonja, baba wa Kabula, binti niliyekuwa nimemposa, akabaki ameshika magoti yake bila kupepesa macho.

Nikaanza kuamini nimeokoka, mara Mzee Nkwabi akaingia, chatu shingoni, bugaluu mkononi.

"Baba Masanja," akasema, "mwanao kasahau suruali. Nyoka nimemtoa, hana neno."

Ngoma ikanyamaza. Mzee Lutonja akamgeukia baba. "Kwa hiyo hii ndiyo sanaa anayokwenda kusomea?"

Baba akaipokea suruali, akaikung'uta, akachungulia mguu mmoja, akachungulia wa pili.

"Hapana," akajibu. "Yeye anasomea historia yake tu."

Kesho yake nikarudi kuomba radhi, na Mzee Nkwabi akalibeba lile kapu, akaliweka upande wa pili, nikamaliza kuchora. "Ungeniambia tu," akasema, "ningekusogezea."

Bulgaria nilikwenda, na Kabula nilimwoa. Lakini tangu siku ile, nikiwa katika nyumba ya mtu, hata kijiti cha meno sikigusi mpaka mwenyewe aniambie chukua.