Mume Wangu Alinitafsiria Alichotaka Nisikie

Admin, nifichie jina, huku mjini Likasi tunajuana. Nina miaka arobaini na mmoja na watoto wanne, nauza samaki soko la Kikula. Shule niliishia njiani, Kifaransa sikisomi. Shikeni hilo.

Mume wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha shaba, Shituru. Walipompunguza kazini, akawa anashinda kwenye simu akiuliza ile akili bandia ya bure jinsi ya kutabiri bei ya shaba na kuiwekea pesa mtandaoni kama kamari. Kila jioni ananikalisha karibu, anasoma Kifaransa, ananitafsiria. "Mama, inasema bei itapanda. Inasema muntu mwenye alipika shaba anaijua kuliko bazungu ba bureau." Yaani wazungu wa ofisini. Nikamwambia niachie na mimi niiulize. Akacheka. "Haijue Swahili, ile." Nikaamini. Nikauza friza yangu ya samaki kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa pesa. Hata misa ya shukrani niliomba, mjinga mimi! Wiki mbili tu, pesa zote zimekwisha.

Sasa anataka tuuze nyumba ili arudishe hasara. Karatasi ya kiwanja ina majina yetu sote wawili, bila sahihi yangu nyumba haiuziki.

Juzi sokoni, jirani yangu wa meza akaiuliza simu yake kitu kwa Kiswahili. Ikamjibu, kwa Kiswahili. Nilibaki na samaki mkononi, mteja ananiita sisikii.

Nyumbani, mume akiwa bafuni, nikachukua simu yake nikaiambia inisomee kwa Kiswahili yote waliyoongea. Kumbe tangu siku ya kwanza ilimwonya: wengi hupoteza, bei haitabiriki, usiguse pesa ya chakula wala nyumba. Na swali lake la mwisho lilikuwa hili: "Mke wangu hasomi Kifaransa. Nimwambie nini akubali kusaini?" Ikamjibu amwambie ukweli.

Nililia, na si kwa ajili ya friza. Nililia zile jioni nilizokaa pale nikijisifu moyoni kwamba mume wangu hanifichi kitu.

Nilipomuuliza, hata aibu hakuona. "Juu ya nini unaamini machine kuliko bwana yako? Minye njo baba ya batoto!" Eti yeye ndiye baba wa watoto, basi nimwamini.

Mnunuzi anakuja Jumamosi. Sitasaini, kwa hilo sihitaji ushauri. Ila jana mume wangu alisema mvua inakuja, nikajikuta natoka nje kuangalia mbingu mwenyewe. Ndugu zangu, mume wa namna hiyo mngeishi naye vipi? Niambieni.